Vimelea vya tumboni kwa samaki wa maji chumvi: dawa ipi, kiasi gani, na kwa nini tangi kuu liachwe

#1 Bamvua

Wakuu, swali la samaki anayekula vizuri huku akizidi kukonda linarudi kila wiki, na jibu analopewa mwenye swali huwa ni "mwagia dawa ya minyoo". Ushauri huo umeua samaki wengi. Naweka hapa utaratibu mzima, na wenye ujuzi wasahihishe na kuongeza.

Mtazame samaki kwa mbele, uso kwa uso. Kangaja na vitatange ni samaki bapa, kwa hiyo ukiwatazama ubavuni wanaonekana wazima hata wakiwa wamekwisha. Kwa mbele, samaki mzima ana umbo la yai lililosimama. Mgonjwa, nyama iliyo nyuma ya kichwa na juu ya jicho imebonyea pande zote mbili, mgongo umechongoka, na tumbo limeingia ndani nyuma ya mapezi ya kifuani. Tumbo kuingia peke yake mara nyingi ni njaa tu, na hujaa tena baada ya siku chache za chakula cha kutosha. Ikianza kupungua nyama ya mgongo ilhali samaki anakula, hapo ndipo pa kushuku vimelea.

Vimelea vya ndani tunavyokutana navyo ni vya makundi matatu, na kila kundi lina dawa yake:

Kwanza ni vijidudu vya seli moja vyenye mikia ya kuogelea, jamii ya *Spironucleus* na *Hexamita*. Dawa yake ni metronidazo, ileile wengi wanayoiita Flagyl.

Pili ni minyoo ya mviringo, kama *Capillaria* na *Camallanus*. Dawa ni fenbendazo au levamiso.

Tatu ni minyoo bapa, yaani tegu na jamaa zake. Dawa ni prazikwanteli, ileile ya kichocho.

Metronidazo haiui minyoo. Prazikwanteli haigusi minyoo ya mviringo. Fenbendazo haina kazi kwa *Spironucleus*. Ukikosea kundi umepoteza wiki mbili, na samaki aliyekonda mgongo hana wiki mbili za kupoteza.

#2 Kitatange_Mdogo

Shukrani mkuu. Je, kinyesi cheupe kama uzi si dalili tosha ya kuanza dawa?

#3 Hadubini

Hapana, si tosha. Utumbo mtupu hutoa ute, na ute huo ukitoka peke yake unaonekana kama uzi mweupe unaopitisha mwanga. Samaki aliyesafirishwa siku mbili bila kula atautoa. Aliyevimba utumbo kwa bakteria atautoa. Hata chakula cheupe, kama nyama ya ngisi, kinaweza kutoa kinyesi cha rangi hafifu.

Kinachohesabika ni kinyesi cheupe kinachoendelea kwa zaidi ya siku 4 au 5 kwa samaki anayekula chakula chenye rangi. Mpe mwani mweusi wa karatasi au chakula chekundu asubuhi, kisha angalia kitakachotoka kabla ya giza. Kikitoka cha kijani iliyokoza au cha kahawia, utumbo unafanya kazi. Kikitoka cheupe na cha kung'ang'ania nyuma ya samaki kwa dakika nyingi, chukua sampuli.

Hadubini ya shule yenye ukuzaji wa mara 40, 100 na 400 inatosha kabisa. Utaratibu ni huu:

Vuta kinyesi kwa bomba la sindano lisilo na sindano mara tu kinapoanguka. Baada ya robo saa hivi, vijidudu hai huanza kufa na kusimama, na vikisimama hutavitambua kati ya seli za utumbo. Weka kipande cha ukubwa wa kichwa cha pini juu ya slaidi, ongeza tone moja la maji ya tangi lenyewe, funika kwa kioo chembamba na bonyeza polepole kwa ncha ya penseli. Usitumie maji ya bomba. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huingia ndani ya vijidudu vilivyozoea chumvi, vinavimba na kupasuka, nawe utasema slaidi ni safi.

Anza na mara 40, utafute minyoo na mayai. Yai la *Capillaria* halisahauliki: ni kama pipa dogo refu lenye kizibo kila upande. Tegu huonekana kama vipande bapa vya rangi ya maziwa, wakati mwingine kwa macho tu. *Camallanus* mara nyingi haihitaji hadubini, kwani ncha zake nyekundu huchomoza kwenye tundu la haja samaki akitulia.

Kisha panda hadi mara 400 utafute *Spironucleus*. Utaona vidoa vidogo vinavyokimbia moja kwa moja na kukata kona ghafla, vingi kwa pamoja. Kimoja au viwili katika slaidi nzima havina maana ya ugonjwa, maana samaki wengi wazima hubeba vichache. Uwanja mzima ukichemka, tibu.

Slaidi moja safi si ushahidi. Minyoo hawatoi mayai kila saa. Fanya tatu kwa siku tatu.

#4 MwambaTu

Naongeza kitu kuhusu samaki wanaotoka baharini moja kwa moja, maana wengi wa rangi wanaouzwa kutoka pwani ya Kenya ni wa kuvuliwa, si wa kuzalishwa. Samaki wa mwambani kubeba minyoo ni jambo la kawaida. Kule baharini anakula siku nzima na nafasi ni kubwa, kwa hiyo hawamsumbui sana. Mabadiliko huja akikamatwa. Anaachishwa kula siku moja au mbili ili asichafue mfuko wa kusafirishia, anasafiri, anafika dukani anakula mara moja kwa siku kati ya samaki wakubwa. Minyoo walewale sasa wanagawana chakula kisichotosha.

Ndiyo maana kabla ya dawa yoyote ninashauri siku 3 hadi 5 za kulisha tu kwenye tangi la karantini, mara 4 au 5 kwa siku, kidogo kidogo. Samaki aliyezoea kula kwa mkono wako atakula na dawa. Ukianza na chakula kichungu siku ya kwanza, atakihusisha na hatari na hatagusa tena.

Jambo la kutia moyo: tegu wengi na minyoo bapa wa ndani wanahitaji mnyama wa pili, kama konokono au vijidudu jamii ya kamba waitwao kopepodi, ili wakamilishe maisha. Ndani ya tangi tupu la karantini hawaongezeki. Ukiwatoa vizuri mara moja, wamekwisha. Vijidudu vya seli moja, na baadhi ya minyoo ya mviringo, hupita kwa kinyesi kutoka samaki hadi samaki, kwa hiyo hao hutibiwa sambamba na kunyonya sakafu ya tangi kila siku.

#5 Bamvua

Asante MwambaTu, hilo la kulisha kwanza ni la kuzingatia sana.

Sasa dozi. Wengi hufuata "kidonge kimoja kwa kijiko kimoja cha chakula", na kila mtu ana kijiko chake. Tumia mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Mpime samaki hivi: weka chombo chenye maji ya tangi juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, mwingize samaki. Sekunde kumi zinatosha.

Hesabu ni moja tu:

*miligramu za dawa kwa kila gramu ya chakula = dozi kwa kilo moja ya samaki ÷ gramu za chakula chenye dawa kwa kilo moja ya samaki kwa siku.*

Metronidazo ni miligramu 50 kwa kilo ya samaki kwa siku, siku 5 mfululizo. Tuseme unampa chakula chenye dawa kiasi cha asilimia 1 ya uzito wake, yaani gramu 10 kwa kilo. 50 ÷ 10 = miligramu 5 kwa gramu ya chakula. Kangaja wa gramu 60 atakula gramu 0.6 ya chakula hicho, atapata miligramu 3, na ndiyo dozi yake. Mpe chakula hicho kama mlo wa kwanza wa asubuhi, akiwa na njaa. Akimaliza, milo inayofuata ni ya kawaida.

Chakula cha jelatini, jumla gramu 100:

– gramu 60 za mchanganyiko uliosagwa: kamba, ngisi na mwani
– mililita 35 za maji moto
– gramu 5 za jelatini isiyo na ladha wala sukari
– miligramu 500 za metronidazo, yaani vidonge viwili na nusu vya miligramu 200, vilivyopondwa hadi kuwa unga laini kabisa

Koroga jelatini kwenye maji moto hadi iwe angavu. Acha ipoe hadi kidole kivumilie, ndipo utie unga wa dawa. Koroga dakika mbili, kisha tia chakula kilichosagwa. Mimina ndani ya mfuko wa plastiki, uulaze na kuubamiza uwe na unene wa milimita 3, weka kwenye friji ugande, kisha kata vipande vya kiasi cha siku moja na uvihifadhi kwenye jokofu la kugandisha. Andika juu ya mfuko DAWA YA SAMAKI, ukae mbali na chakula cha nyumbani.

Kosa linalojirudia: watu huhesabu dawa kwa gramu 60 za kamba na ngisi, wakasahau kwamba maji na jelatini vimeongeza uzito. Chakula kinakuwa gramu 100 na dawa imepungua karibu nusu. Hesabu kwa uzito wa mwisho.

#6 Mwana_wa_Bajuni

Kwa wasiotaka jelatini kwa sababu haijulikani imetoka kwa mnyama gani: agaagar ya unga, ile ya kugandishia faluda, inafanya kazi vizuri. Gramu 2 kwa gramu 100 za mchanganyiko. Tofauti ni kwamba agaagar lazima ichemke kabisa ndipo iyeyuke, na inaganda haraka ikipoa, kwa hiyo dawa na chakula viwe tayari pembeni, na chakula kisitoke kwenye friji kikiwa baridi, la sivyo itaganda vibonge kabla hujamaliza kukoroga.

Halafu nina swali. Sehemu nyingi huandikwa miligramu 10 kwa gramu ya chakula. Wewe umeweka 5. Kwa nini?

#7 Bamvua

Swali zuri. Zote ziko sahihi kwa masharti yake. Ile 10 inatokana na mambo mawili: sehemu ya dawa huyeyukia majini kabla samaki hajameza, na samaki mgonjwa hula kidogo. Ukilisha nusu ya asilimia ya uzito kwa miligramu 10, unafika palepale kwenye 50 kwa kilo. Shida ya 10 ni uchungu. Vitatange na kangaja wengi wataikubali 5 na kuitema 10. Dawa inayotemwa ni sifuri. Kwa chakula kilichofungwa vizuri kwa jelatini na kuliwa ndani ya dakika moja, 5 inatosha. Kwa uduvi wa kugandishwa uliolowekwa tu dawa bila kitu cha kuifunga, nyingi huenda majini, na huko hata 10 ni ya kubahatisha.

Kwa wala mwani: paka mchanganyiko wa jelatini na dawa, bila kamba wala ngisi, juu ya karatasi ya mwani, iache ikauke, kisha ibane kwenye kibanio ndani ya tangi. Pima karatasi kabla na baada ya kula, ujue amekula gramu ngapi.

#8 MfamasiaMkwakwani

Naomba niseme ya upande wa dawa zenyewe, kwa sababu hapa ndipo makosa ya gharama hutokea.

Metronidazo ya maji ya watoto isitumike. Ina sukari na vionjo, na sukari ndani ya tangi ni karamu ya bakteria. Tumia vidonge. Soma pakiti, kwa sababu kuna vidonge vya amiba vilivyochanganywa na dawa nyingine; unataka kile chenye metronidazo peke yake. Kama kidonge kina ganda la rangi, likwangue kabla ya kuponda.

Kwa dawa za duka la mifugo, uangalifu mara mbili. Levamiso ya mbuzi na ng'ombe mara nyingi inauzwa ikiwa imechanganywa na oksiklozanidi. Hiyo usiipeleke kwa samaki. Fenbendazo ya maji huja kwa nguvu tofauti: asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, asilimia 2.5 ina miligramu 25. Ukichukua chupa moja kwa hesabu ya nyingine umekosea mara nne. Ivamektini usiiguse kabisa. Kiasi kinachoua minyoo na kiasi kinachoua samaki viko karibu mno. Na albendazo si fenbendazo, hata kama ni ndugu, kwa hiyo usihamishe dozi.

Vaa glavu na barakoa unapoponda metronidazo. Vumbi lake si la kuvuta.

Na hili nalisema kwa mkazo: metronidazo imepigwa marufuku kwa wanyama wa chakula katika nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya. Utaratibu wa uzi huu ni wa samaki wa pambo tu. Mwenye bwawa la sato au mwatiko asinakili chochote hapa.

#9 Kitatange_Mdogo

Na kama samaki hali kabisa?

#10 Hadubini

Hapo tunashukuru kwamba ni samaki wa maji chumvi. Samaki wa mtoni hanywi maji kwa kiasi cha maana. Samaki wa baharini anapoteza maji ya mwili wake muda wote kwa sababu bahari ina chumvi kuliko damu yake, kwa hiyo anakunywa mfululizo. Dawa iliyo majini inafika utumboni. Haifiki kwa uhakika wa chakula, lakini inafika, na mara nyingi inatosha kumrudishia hamu ya kula. Akianza kula, hamia kwenye chakula.

Metronidazo ya majini: miligramu 5 hadi 7 kwa lita, kila baada ya siku moja, mara tatu. Kabla ya kila dozi badilisha robo ya maji. Tangi lenye lita 60 linapata kidonge kimoja cha miligramu 400 kila dozi. Ponda, koroga kwenye kikombe cha maji ya tangi, acha unga usioyeyuka utue, mimina maji ya juu. Ule unga mweupe unaobaki chini kwa kiasi kikubwa ni wa kufungia kidonge.

Lita zipimwe kweli: urefu kwa upana kwa kimo cha maji, kwa sentimita, ndani ya kioo, gawanya kwa 1000. Tangi la 60 kwa 30 lenye maji ya kimo cha 34 ni lita 61. Kilichoandikwa kwenye boksi ni tangi likijaa hadi ukingoni.

Wakati huohuo mtege kwa chakula hai. Kipepeo asiyegusa kitu mara nyingi atadonoa kome aliyefunguliwa na kuwekwa na ganda lake sakafuni. Mwondoe kome baada ya saa mbili, kabla hajaoza.

#11 Bamvua

Sasa minyoo.

*Fenbendazo:* miligramu 25 kwa kilo ya samaki, siku 3, kisha kurudia baada ya wiki 2 hadi 3. Kwa kulisha asilimia 1 ya uzito ni miligramu 2.5 kwa gramu. Katika mchanganyiko wa gramu 100 ni miligramu 250, yaani mililita 2.5 za ile ya asilimia 10. Punguza maji moto kwa kiasi hichohicho ili uzito usibadilike. Kurudia si hiari: dawa huua waliopo, mayai yanabaki, na dozi ya pili inawakuta walioanguliwa kabla hawajaanza kutaga.

*Levamiso:* miligramu 10 kwa kilo kwenye chakula kwa siku 7, au miligramu 2 kwa lita ya maji kwa saa 24. Levamiso inawapoozesha minyoo, wakaachia ukuta wa utumbo na kutolewa nje. Kwa hiyo saa ile ya 24 ni ya kunyonya sakafu yote kwa mpira na kubadilisha angalau nusu ya maji, kabla samaki hajaokota alichotoa.

*Prazikwanteli:* miligramu 50 kwa kilo kwenye chakula, siku 3 hadi 5. Kidonge kimoja cha miligramu 600 kwa gramu 120 za mchanganyiko. Ni chungu kuliko zote, hivyo ongeza juisi ya kome au ya kamba. Ya majini ni miligramu 2 kwa lita, ikirudiwa baada ya siku 5 hadi 7. Ugumu wake ni kwamba haiyeyuki kwa urahisi majini. Ponda kidonge, kitie kwenye mililita 10 za ethano (alkoholi) ya asilimia 95, tikisa, acha itulie. Kila mililita ya juu ina takriban miligramu 60, hivyo lita 60 zinataka mililita 2. Usitumie spiriti ya rangi ya dukani, ina sumu nyingine ndani yake.

Samaki aliyejaa minyoo na aliyekonda sana usimpe dozi ya haraka ya kuua wote kwa mara moja. Minyoo waliokufa kwa wingi wanaweza kuziba utumbo. Tia chumvi ya haluli kwenye chakula, gramu 3 katika gramu 100, ukipunguza chakula kilichosagwa hadi gramu 57. Inavuta maji utumboni na kusukuma uchafu nje.

#12 PwezaKiti

Mimi tangi langu lina matumbawe na samaki watano. Kuwakamata ni kubomoa mwamba wote. Siwezi kutia fenbendazo humohumo?

#13 MwambaTu

Usifanye hivyo ndugu yangu. Fenbendazo inaua wasio na uti wa mgongo: minyoo wa mirija, konokono, na baadhi ya matumbawe laini. Ukiimimina majini, inanywea kwenye mawe na mchanga na kuendelea kutoka kidogo kidogo. Na wale minyoo wadogo mchangani wanaosafisha tangi lako wakifa wote usiku mmoja, amonia itapanda.

Prazikwanteli majini ni nafuu kwa matumbawe, lakini kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoila. Mara ya pili au ya tatu ukiitumia inaweza kuisha kabla haijafanya kazi.

Unachoweza ni kulisha metronidazo ya jelatini ndani ya tangi kuu, kwa kipande kimoja kimoja kwenye kibano hadi mdomoni mwa samaki husika, pampu zikiwa zimezimwa dakika 5. Hiyo ni kwa vijidudu vya seli moja tu. Kwa minyoo, watoe. Mtego wa chupa wenye chakula ndani, ukiachwa wazi siku 3 ndipo ufungwe, hukamata wengi bila kugusa mwamba.

Na nimalize hoja tatu zinazotajwa kila mara: kitunguu saumu huvutia samaki kula, hakiui minyoo. Shaba inatibu vimelea vya ngozi na mashavu, haina kazi tumboni, na ikiingia kwenye mawe haitoki. Kuogesha samaki kwa maji baridi hakufiki utumboni.

#14 Mwana_wa_Bajuni

Karantini yenyewe iweje?

#15 Bamvua

Lita 60 hadi 80 kwa samaki mmoja au wawili wadogo. Sakafu tupu, bila mchanga wala mawe. Viwiko vya bomba la PVC vya inchi 2 au 3 kwa kujificha. Hita, nyuzi 25 hadi 26. Chujio la sponji lililokaa wiki 4 kwenye tangi kuu likikusanya bakteria wa kusafisha amonia. Jiwe la hewa la ziada. Chumvi 1.025 (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) kwa refraktomita, yaani kipima chumvi. Ondoa mkaa, zima taa ya miale (UV) na skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu), kwa kuwa mkaa unanyonya dawa na skima itafura povu.

Mambo mawili ndiyo huua samaki humu, na yote hayatokani na vimelea. La kwanza ni oksijeni: prazikwanteli pamoja na ethano hulisha bakteria, maji huwa meupe kama yametiwa maziwa, na bakteria hao hunywa hewa yote usiku. Ukiona maji yameanza kuwa meupe, ongeza mawe ya hewa na ubadilishe nusu ya maji, usisubiri asubuhi. La pili ni amonia ya chakula kilichobaki. Kwa pH ya 8.2 amonia ni kali kuliko kwenye maji ya mtoni. Nyonya mabaki dakika 10 baada ya kila mlo na pima amonia kila jioni. Metronidazo yenyewe kwa kawaida haiwadhuru bakteria wa chujio, kwa sababu inalenga viumbe wasiotumia oksijeni.

Na jamii ya *Halichoeres* na jamaa zao wanaojizika mchangani ni wepesi kudhurika na prazikwanteli ya majini. Wape kwenye chakula.

#16 Kitatange_Mdogo

Na asiyepona baada ya yote haya?

#17 Hadubini

Hapo fikiria *Mycobacterium marinum*. Ni bakteria wa jamii ya kifua kikuu, alitambuliwa mwaka 1926 kwa samaki wa maji chumvi waliokufa Philadelphia. Samaki anakonda polepole, anaweza kutoka vidonda, macho kuvimba au uti wa mgongo kupinda, na hakuna kati ya dawa zilizotajwa hapa inayomsaidia. Ukimpasua aliyekufa, utakuta vinundu vidogo vyeupe kwenye wengu, ini na figo. Vaa glavu kumpasua, na usitie mkono wenye mchubuko ndani ya tangi hilo. Anaingia kwenye ngozi ya binadamu na kuacha vinundu na vidonda vya vidole visivyopona kwa miezi. Ukiwa na kidonda cha namna hiyo, mwambie daktari kwamba unafuga samaki, maana bila taarifa hiyo hawezi kukifikiria.

Ukimpasua na kukuta minyoo iliyojikunja ndani ya vifuko kwenye nyama au juu ya ini, hao hawakuwa wa kutibika. Ni viluwiluwi vinavyosubiri samaki aliwe na mnyama mkubwa zaidi, na dawa ya utumboni haiwafikii. Wakiwa wachache hawaui.

#18 PwezaKiti

Nimeelewa, nitaanza na mtego wa chupa. Swali la mwisho: nitajuaje amepona, na maji ya dawa niyamwage wapi?

#19 Bamvua

Mpime kila siku ya 7. Amepona ikiwa vipimo viwili mfululizo vimeonyesha uzito unapanda, kinyesi kimekuwa cha rangi ya chakula kwa siku 14, na slaidi tatu ni safi baada ya dozi ya marudio. Bonde la nyuma ya kichwa litachelewa kujaa, linaweza kuchukua wiki 6 au zaidi, kwa hiyo usimrudishie dawa kwa kuona bado limebonyea. Mwongezee milo.

Maji yenye fenbendazo au levamiso yasiende baharini, mtoni wala kwenye mfereji wa mvua. Yapitishe kwenye ndoo yenye mkaa wa kuchujia kwa siku mbili, kisha yamwage chooni. Mkaa huo ufunge kwenye mfuko na kuutupa. Sponji iliyotumika usiirudishe tangi kuu. Ioshe kwa maji baridi, ianike juani hadi ikauke kabisa, na uanze kuikomaza upya kwenye tangi la pembeni.